Mwalimu wa Jiografia Aliyelea Mabingwa

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Mariakani na vijiji vya jirani. Tunayachapisha kwa kuwa wengi hawakuweza kufika.)

Nyinyi vijana mliosimama huko nyuma chini ya mkorosho! Sogeeni jamani, viti vipo.

Nimeitwa kwa jambo moja. Vikundi vitatu vimeniletea swali lile lile, kila kimoja kwa maneno yake. Kikundi kina kijana wake anayefundisha watoto michezo jioni. Kikundi kinamtolea kitu kidogo kila mwezi, nauli na sabuni tu, na mara mojamoja mpira mpya maana ile miiba ya uwanjani mnaijua. Sasa ni mwaka wa tatu na hakuna kombe hata moja. Basi wanachama wengine wanasema: pesa hizo zirudi kwenye mfuko, tuongeze mbuzi. Wengine wanasema: aendelee. Na mmefika mahali watu hawasalimiani vizuri baada ya mkutano.

Mimi siwezi kuwaamulia. Pesa ni zenu, jasho ni lenu. Lakini naona tunabishana juu ya kazi ambayo hatujaielewa. Kocha hasa anafanya nini? Ni mtu wa kuleta kombe? Hebu niwaeleze habari za mtu mmoja ambaye kazi yake yaweza kutusaidia kufikiri. Si mtu wa hadithi, ni mtu wa kweli, na kazi yake ameifanyia hapa hapa Kenya.

Huko Bonde la Ufa, kwenye kaunti ya Elgeyo-Marakwet, kuna mji mdogo uitwao Iten. Uko juu sana, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, penye ukingo wa lile bonde la Kerio. Baridi yake si ya mchezo. Hapo pana shule ya sekondari ya wavulana iitwayo St. Patrick's. Mwaka 1976 alifika pale mwalimu kijana kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell. Ni mtawa wa shirika la Mabruda Wapatrisiani, lililoanzishwa Ireland mwaka 1808 na Askofu Daniel Delany. Wengine hapa mtauliza, bruda ndiye padri? Hapana. Bruda ameweka nadhiri kama sista alivyoweka, lakini hasomi Misa. Kazi ya Mabruda hawa ni kufundisha.

Na alikuja kufundisha nini? Jiografia. Mito, milima, mvua. Hakuwa mwanariadha. Hakuwa na cheti chochote cha ukocha wa riadha. Pale shuleni alimkuta Mwingereza aitwaye Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster ambaye mwaka huo huo wa 1976 alipata medali ya shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wavulana mbio, na Bruda akawa msaidizi wake. Haikuchukua muda mrefu, Foster akaondoka. Kazi ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia, kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwepo.

Hapo nataka tukae kidogo. Vikundi vingi huniambia, "Sisi hatuna mtaalamu." Haya, Iten nako hakukuwa na mtaalamu. Kulikuwa na mtu aliyekubali kusimama uwanjani kila siku. Alifanyaje? Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alijifunza kutoka kwa wale wanafunzi. Alikuwa akiwatazama. Akiwauliza. Leo miguu ikoje? Jana ulilala? Mbona unakunja mabega unapopanda mlima? Mtu anayejiona anajua yote haulizi maswali kama hayo. Nasi hapa pwani tunalo neno: kuuliza si ujinga.

Sasa matunda. Aliyefungua njia ni Ibrahim Hussein, mwanafunzi wa St. Patrick's, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987. Mwaka uliofuata, 1988, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda ile ya Boston, tena kwa sekunde moja tu, akimpita ndugu yetu Mtanzania Juma Ikangaa. Kilomita 42 na ushee, halafu mnaachana sekunde moja! Akaishinda Boston tena mwaka 1991 na 1992. Mwaka huo huo wa 1988, kule Seoul, kijana mwingine wa shule ile, Peter Rono, akachukua dhahabu ya mita 1,500 akiwa na miaka 21. Mwaka 1992 Barcelona, Matthew Birir akachukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Halafu Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark na kuikimbilia nchi hiyo, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, mwaka 1995, 1997 na 1999. Hawa wote walikaa kwenye madawati ya shule moja.

Pale shuleni wana desturi nzuri sana. Bingwa akirudi, hupandiwa mti, na kibao chenye jina lake huwekwa hapo. Mtoto wa kidato cha kwanza akienda darasani anapita kwenye kivuli cha mtu aliyelala bweni lile lile. Vikundi vyenu vina vitalu vya miche, kwa hiyo silisemi zaidi hilo.

Najua kuna mzee hapa ananong'ona, "Hao Wakalenjin wamezaliwa hivyo, na wako juu milimani." Sawa, mzee wangu, kuna ukweli. Hewa ya juu inasaidia. Tena, shule ikishapata jina, watoto wenye mbio hutafuta kwenda pale pale, kwa hiyo mafanikio huvuta mafanikio. Mimi siwaambii Mariakani iwe Iten. Jua letu la saa nane mchana lingemwua mtu. Lakini milima ile ilikuwepo, na shule nyingine zilikuwepo kwenye milima ile ile, na baridi ilikuwa moja. Tofauti nyingine lazima tuitafute kwa watu.

Jambo la wasichana. St. Patrick's ni ya wavulana, na zamani zile msichana akiolewa mapema ndiyo mwisho wa mbio zake. Mwaka 1989 Bruda alianzisha kambi ya vijana pale Iten wakati wa likizo, na kambi ile ikachukua wasichana pia. Lydia Cheromei, mmoja wa wasichana waliopitia mikono yake, alishinda mbio za nyika za dunia za wasichana chipukizi mwaka 1991, kule Antwerp. Alikuwa na miaka 13. Kumi na tatu! Hebu kila mama hapa amfikirie binti yake wa miaka 13, saa hizi yuko wapi? Yuko na ndoo kichwani. Sisemi maji yasichotwe. Nasema kuna mtu huko alimtazama msichana wa miaka 13 akaona kitu zaidi ya ndoo.

Na tusidhani jambo hili ni la bara tu. Hapa hapa kwetu Kilifi, mwaka 2001, ulianza mpango wa Moving the Goalposts, wa mpira wa miguu kwa wasichana. Mwanzoni watu walicheka: msichana na mpira, wapi na wapi? Lakini wasichana wenyewe walifundishwa kuwa makocha, marefa na viongozi wa timu zao, na kwenye mazoezi wanazungumza habari za afya na mimba za mapema bila kuona haya. Wale wa vikundi vya upande wa Kaloleni, nendeni mkaone. Si mbali.

Turudi Iten, kwa sababu sehemu inayotuhusu zaidi bado. Ni habari ya David Rudisha.

Rudisha ni Mmasai wa Kilgoris, aliyezaliwa mwaka 1988. Baba yake, Daniel, alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata fedha ya mita 400 kwa vijiti huko Mexico mwaka 1968. Kijana akaja Iten kusoma, Bruda akamwona. Alikuwa akikimbia mita 400, na Bruda ndiye aliyempeleka kwenye mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Kijiji kikafurahi. Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 2008, Olimpiki ya Beijing, Rudisha hakwenda. Alikuwa ameumia. Mwaka 2009 akaenda mashindano ya dunia Berlin, akatolewa kwenye nusu fainali. Hata fainali hakuiona.

Yaani, miaka mitatu baada ya kuwa bingwa wa vijana, mkononi hana medali ya Olimpiki wala ya mashindano ya dunia ya wakubwa. Kama Bruda angekuwa kocha wa kikundi fulani hapa, ambacho sikitaji, nadhani mngeshamwandikia barua.

Lakini wale wawili waliendelea. Mazoezi yale yale, barabara ile ile ya vumbi jekundu. Watu waliokwenda Iten kutafuta siri walishangaa, maana walimkuta mzee amevaa kofia anawaambia vijana watembee kwanza, wanyooshe mgongo, wakimbie polepole, tena polepole zaidi. Wageni walitaka kuona mtu anatapika kwa kuchoka. Wakaona watu wanajifunza kusimama vizuri.

Tarehe 22 Agosti 2010, kule kule Berlin alikotolewa, Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.09. Akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa imedumu miaka 13, ya dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilikuwa ya nani? Ya Wilson Kipketer, yule mwanafunzi wa zamani wa shule ile ile! Wiki moja baadaye, huko Rieti, Italia, akaipunguza tena ikawa 1:41.01. Mwaka 2011 akawa bingwa wa dunia. Na tarehe 9 Agosti 2012, London, fainali ya Olimpiki, aliongoza tangu mlio wa bastola hadi mwisho, hakungoja kuvutwa na mtu, akamaliza kwa 1:40.91. Aliwavuta na wenzake: mtu wa nane, wa mwisho kabisa, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Mwaka 2016 Rio akaichukua dhahabu tena. Rekodi ile ya London ilipita miaka 10 bila kuguswa.

Bruda alipostaafu ualimu hakurudi Ireland. Alibaki Iten, uwanjani. Mwaka 2019 shirika la riadha la dunia lilimpa tuzo ya ukocha. Hesabu wenyewe: kutoka 1976 mpaka 2019 ni miaka 43. Nasi tunazungumza habari za miaka mitatu.

Msidhani ni watu wa riadha tu walio hivi. Marekani kuna mpira wao, ule wa kubeba mkononi na kuangushana, na wachezaji wanavaa kofia ngumu kama za waendesha bodaboda wenye busara. Huko vyuo vikubwa hulipa makocha pesa nyingi kupita kiasi, na kocha akishindwa msimu miwili mitatu anafukuzwa. Lakini kulikuwa na kocha mmoja, John Gagliardi, katika chuo kidogo cha watawa Wabenediktini, St. John's, jimbo la Minnesota. Alianza kufundisha akiwa mvulana wa miaka 16, kwa sababu kocha wa shule yao alichukuliwa vitani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mnaona? Naye alipata kazi kwa kuwa mwenye kazi ameondoka. Alifika St. John's mwaka 1953 akaondoka 2012. Timu zake zilishinda mechi 489, na hakuna kocha wa vyuo vya Marekani aliyefikia hesabu hiyo katika mchezo ule. Na chuo chake hakikuwa na pesa za kuwasomesha wachezaji bure ili waje kwake.

Jambo lake lililonifurahisha ni mambo aliyokataa. Hakutumia firimbi. Hakutaka kuitwa kocha, wachezaji walimwita John tu. Katika mazoezi alikataza wasiangushane, ili wasiumizane kabla ya mechi. Makocha wengine walimwona mtu wa ajabu. Hapa kwetu kijana kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni utovu wa adabu, kwa hiyo hilo tuwaachie wenyewe. Lakini hili la kutoumiza watoto mazoezini, nimewaona makocha wetu wengine wanawachapa watoto fimbo kwa kukosa penalti. Kikundi kinachomlipa mtu wa namna hiyo hata shilingi moja kinalipia fimbo.

Sasa nije kwa hatari, kwa sababu mkikaa hivi bila kusema mtu atakuja kuwasemea. Mtoto akianza kuonekana, madalali hufika. Mama mmoja katika eneo hili aliambiwa mwanawe amepata nafasi ya majaribio nje ya nchi, atoe pesa ya pasipoti na ya "usajili". Aliuza mbuzi wanne. Dalali akazima simu. Mpaka leo mtoto anaona haya kupita uwanjani, na mama anaona haya kuja mkutanoni. Ndiyo maana nasema, kocha wa kijiji aliye mwaminifu ni kama mlango. Dalali akija, akute kuna mtu wa kuulizwa kwanza, na mtu huyo naye akute kuna kikundi nyuma yake.

Na dawa je? Katika riadha ya Kenya wanariadha wengi wamefungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu, hata serikali ikatunga sheria mwaka 2016. Wengine walianza kwa sindano ya mtu aliyewaambia ni vitamini. Mtoto asipewe kidonge wala sindano na mtu wa michezo. Akiumwa, aende zahanati. Basi.

Jambo la mwisho ni la daftari. Mkitaka kujua kama kijana wenu anafanya kazi, msitazame kabati la vikombe. Ombeni daftari lake. Watoto wangapi walianza Januari, wangapi wapo bado? Wasichana wangapi? Nani ameacha shule, na kocha alikwenda nyumbani kwao kuuliza? Kule Mathare, Nairobi, tangu 1987 kuna chama cha michezo cha vijana ambacho timu hupewa pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, si kwa kufunga mabao tu. Wao waliamua wenyewe ni kitu gani kihesabiwe. Nanyi amueni. Mkikuta daftari halina kitu, mna haki ya kumwuliza kijana, tena kwa ukali. Mkikuta limejaa, mjue mbuzi hao mnaotaka kununua watatoka kwenye mfuko gani.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Mazoezi yanaisha giza limeingia, na barabara kuu ina malori. Mabinti watarudije?

Jibu: Mazoezi yaanze saa kumi na yaishe saa kumi na mbili kasorobo, hata kama mechi ni tamu. Kila siku awepo mzazi mmoja uwanjani, kwa zamu, na kocha asibaki peke yake na mtoto yeyote, wa kike wala wa kiume. Hilo liandikwe kwenye kanuni za kikundi na kocha atie sahihi.

Mzee mmoja aliuliza: Na kijana mwenyewe atakula nini? Huyo Bruda alikuwa na shirika lake.

Jibu: Mzee amesema kweli. Bruda hakuwa na mke wala watoto wa kulisha, na chakula chake kilikuwapo. Kijana wenu anaponda kokoto asubuhi ndipo aje uwanjani jioni. Kwa hiyo msimwombe miaka 43. Mwombeni mwaka mmoja, mwandikiane mtampa nini kila mwezi na siku gani, mweka hazina ampe kwa wakati, na mwaka ukiisha mkae tena. Tena awepo msaidizi anayejifunza, maana mnaona wenyewe, kazi hii mara nyingi hubaki kwa yule aliyekuwepo mwenzake alipoondoka.

Baada ya maswali, kikundi kimoja kilikaa kando chini ya mkorosho na kumwita kijana wao na daftari lake. Lilikuwa na majina 61, mengine yamefutwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa sababu pembeni. Mwenyekiti alilisoma lote kwa sauti. Uamuzi wameuahirisha mpaka mkutano wa mwezi ujao, ili wazazi wa wale waliofutwa waitwe kwanza.